Kyela: Saa ya Kwanza ni ya Jirani

Barabara inayotoka Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, hupita kwenye migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu, kisha huteremka hadi bonde la Kyela. Huko baridi ya Rungwe huishia. Kuna joto, mpunga, michikichi na mikakao iliyojipanga chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ukiendelea mbele unafika Kasumulu, kwenye daraja la Mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi. Kushoto ni Ziwa Nyasa, na mashariki zaidi Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji.

Wilaya hii si kubwa kwa eneo, lakini ukitaka kuorodhesha kazi za polisi wa Tanzania utazikuta karibu zote hapa. Kuna mpaka wa nchi wenye forodha na vichochoro vyake. Kuna ziwa lenye bandari za Itungi na Kiwira, wavuvi na mitumbwi ya usiku. Kuna zao la biashara lenye thamani, linaloanikwa uani. Kuna mji wenye bodaboda, baa na wabadilishaji wa fedha wanaoshika shilingi mkono mmoja na kwacha mkono wa pili. Na kuna vijiji ambavyo mvua za masika zikikolea, barabara zake hugeuka maji.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 220,000 katika Wilaya ya Kyela. Kutoka mjini hadi Matema, ufukweni, mtu hupita barabara ya Kikusya, Ipinda na Matema yenye urefu wa takriban kilomita 39. Lami imeirahisisha safari hiyo. Lakini ukitaka kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa vyungu chini ya Livingstone, unashika njia ya miguu au unapanda mtumbwi. Ikitokea rabsha huko saa nane za usiku, hakuna gari la doria litakalofika kwa dakika kumi, hata dereva wake awe hodari namna gani.

Ndiyo maana swali la usalama Kyela haliishii kwenye hesabu ya askari na magari. Saa ya kwanza ya tukio, ile ambayo mwizi bado hajafika mbali na majeruhi bado anavuja damu, iko mikononi mwa jirani. Cha kujiuliza ni kama jirani huyo anajua la kufanya, amwite nani, na wapi sheria inamwambia asimame.

Askari wa kata

Kwa miaka mingi polisi alikuwa mtu wa kituoni. Mwananchi alimfuata akiwa ameibiwa, au polisi alimfuata mwananchi akiwa ameshtakiwa. Mwaka 2006, Said Mwema aliposhika wadhifa wa Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP), Jeshi la Polisi lilianza kusukuma kwa nguvu mpango wa Polisi Jamii, wenye nia ya kuufanya ulinzi kuwa kazi ya askari na raia kwa pamoja. Ndani yake ukazaliwa utaratibu wa Polisi Kata: ofisa mmoja, kwa kawaida mwenye cheo cha mkaguzi au mkaguzi msaidizi, apewe kata yake, aijue, naye ajulikane humo. Chini ya IGP Camillus Wambura, aliyeteuliwa Julai 2022, utaratibu huo ulipewa msukumo mpya. Wakaguzi walipelekwa kwenye kata kwa upande wa Bara na kwenye shehia kwa upande wa Zanzibar, wakifuatana na kampeni kama Familia Yangu Haina Mhalifu, inayomtaka kila mzazi aanze ulinzi kwa watoto wake mwenyewe.

Kazi ya mkaguzi wa kata si kukamata tu. Huhudhuria mikutano ya vijiji, huingia shuleni kuzungumza na wanafunzi, huvisaidia vikundi vya ulinzi shirikishi kupanga doria, na husuluhisha ugomvi mdogo kabla haujafika kwenye mapanga. Anafanya kazi bega kwa bega na mtendaji wa kata, watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji. Kila halmashauri ya kijiji kisheria ina kamati ya ulinzi na usalama, na juu yake wilaya nayo ina kamati ya ulinzi na usalama inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Taarifa ya kitongojini ina ngazi za kupanda, ikiwa kila ngazi inafanya kazi.

Wazo la ofisa anayekaa karibu na watu si la Tanzania peke yake. Japani ina koban, vituo vidogo vya mtaani ambavyo askari wake huzungukia nyumba na kujuana na wakazi. Kenya nayo iliimarisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, ikiazima jina na wazo kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, waliowekwa enzi za TANU katika miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba balozi wa nyumba kumi alibaki kiongozi wa chama baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, na hivyo hawezi kuwa mlinzi wa watu wa vyama vyote. Pengo hilo ndilo mkaguzi wa kata anapaswa kuliziba.

Ulinzi una historia bondeni

Kulinda kwa pamoja si jambo lililoletwa Kyela na semina. Miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Monica Wilson alipofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, alikuta vijiji vya rika: vijana waliokua pamoja wakichunga ng'ombe walijenga pamoja, wakalima jirani na kula pamoja hadi uzeeni. Kitabu alichokitoa mwaka 1951 kimesomwa duniani kote kwa sababu mpangilio huo ni nadra. Watu wa rika moja walikuwa majirani na wapiganaji wa upande mmoja, na aliyekuwa na shida hakuwa na haja ya kueleza yeye ni nani.

Vijiji vya rika vimetoweka, lakini wenye kuamka usiku bado wapo. Katika nchi nzima, mfano unaojulikana zaidi ni sungusungu, waliojitokeza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili vikundi hivyo vitambuliwe. Kutambuliwa huko kulikuja na masharti: kikundi kinatakiwa kijulikane na serikali ya kijiji, majina ya wanakikundi yawepo, na mtu anayekamatwa apelekwe kwenye vyombo vya sheria.

Hapo ndipo penye hatari. Mkoa wa Mbeya unajua gharama ya ulinzi usio na sheria. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 mkoa ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, na hofu hiyo ilifanya mgeni asiyejulikana atazamwe kwa macho mabaya. Imani za uchawi nazo zimewaponza wazee wengi. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati wa wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino. Hata hivyo ramli chonganishi hazijaisha vijijini. Magazeti yetu yamezoea kuandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni cheo kinachompa mtu ruhusa ya kuua. Sheria haiitambui hasira hiyo. Anayempiga mtuhumiwa hadi afe ana kosa la mauaji, na walioleta moto wanaweza kuunganishwa naye.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa raia yeyote haki ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake. Inamtaka vilevile amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, au kwa kiongozi wa serikali ya kijiji. Polisi nao hawaruhusiwi kumshikilia tu wanavyotaka. Kwa makosa ya kawaida, ndani ya saa 24 anapaswa kuwa amepewa dhamana au kufikishwa mahakamani. Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayedai fedha ili kuitoa anavunja sheria, na kwa malalamiko ya rushwa namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kakao uani

Ukitaka kuuona ulinzi wa Kyela unavyofanya kazi, angalia kakao. Wilaya hii, pamoja na jirani zake za Rungwe na Busokelo, ndiyo moyo wa kilimo cha kakao Tanzania. Mkulima huvunja tunda, hutoa mbegu zenye utelezi mweupe, huzivundika kwa siku kadhaa zikiwa zimefunikwa kwa majani ya migomba, kisha huzianika juani hadi zibadilike rangi na zilie zinapogeuzwa kwa mkono. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Kwa muda wote huo mali iko wazi: shambani juu ya mti, kwenye sanduku la kuvundikia, kisha kwenye chanja nje ya nyumba.

Mwaka 2022 tani moja ya kakao katika soko la dunia ilikuwa karibu dola 2,500. Mwaka 2024, baada ya mavuno kuharibika Ivory Coast na Ghana, bei ilipita dola 10,000. Habari hiyo ilikuwa njema kwa mkulima wa Kyela, na kwa mwizi vilevile. Gunia moja la kakao iliyokauka likawa na thamani ya ada ya shule ya mtoto.

Doria ya usiku husaidia, lakini kinga kubwa zaidi iko kwenye mizani. Mfumo wa stakabadhi ghalani unamtaka mkulima auze kupitia chama chake cha ushirika cha msingi, ambako mzigo hupimwa na kuandikwa kwa jina la mwenye nao, kisha hupelekwa mnadani. Mwizi akifika hapo na magunia ambayo shamba lake haliwezi kuyatoa, karani anayemjua ataanza kujiuliza. Kwa hiyo mwizi hukwepa njia hiyo na kumtafuta mlanguzi anayenunua kakao mbichi gizani, bila kuuliza imetoka wapi. Kanuni ya Adhabu inamhesabu anayepokea mali ya wizi kwa kujua kuwa mhalifu kama mwizi mwenyewe. Mkaguzi wa kata anayewajua wanunuzi wa magendo wa kata yake amekwisha kuokoa mashamba mengi kuliko askari anayekesha chini ya mkakao mmoja.

Mkulima naye ana sehemu yake. Aandike alichovuna, ajue alichoanika, aweke alama kwenye magunia yake. Akiibiwa, ripoti yenye idadi, uzito, alama na saa humpa mpelelezi pa kuanzia. Kusema "wameniibia kakao" bila maelezo hakufiki mbali.

Mpaka unaohama

Mto Songwe ndio mpaka, na una desturi ya kuhama. Mafuriko hubadili mkondo wake, na shamba lililokuwa Tanzania mwaka huu linaweza kujikuta upande wa pili mwakani. Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, na udhibiti wa mafuriko ni moja ya malengo yake. Kwa polisi, mto wa namna hiyo maana yake ni vivuko visivyo rasmi visivyohesabika: mitumbwi ya magogo, sehemu za kuvuka kwa miguu wakati wa kiangazi, njia za wanakijiji wanaokwenda arusini au msibani ng'ambo. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa lugha na damu. Hakuna ukuta unaoweza kuwatenganisha, na wala hautakiwi.

Lakini njia ya msibani ni njia ya magendo pia. Hupita bangi, hupita mali ya wizi, na mara nyingine hupita binadamu. Vijana kutoka Pembe ya Afrika wanaotafuta kazi Afrika Kusini hupitishwa na wasafirishaji katika njia ya nchi kavu ya Tanzania na hatimaye kuvushwa kuingia Malawi, kwa mto au kwa ziwa. Juni 2012 mashua iliyobeba Waethiopia ilizama katika maji ya ziwa hili upande wa Karonga, na watu zaidi ya 40 walikufa. Mwezi huohuo, mkoani Dodoma, Waethiopia wengine zaidi ya 40 walikutwa wamekufa ndani ya lori. Tanzania ilikuwa imekwisha kupitisha Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu mwaka 2008. Sheria hiyo inamlenga anayewasafirisha na kujipatia faida. Aliyefungiwa ndani ya lori ni mtu anayehitaji msaada.

Katika mambo haya jicho la kijiji halina mbadala. Mwenye nyumba ya wageni anayeona vijana kumi wasiojua Kiswahili wakilazwa chumba kimoja, mwendesha bodaboda anayelipwa mara tatu ya nauli kwenda mtoni usiku, mvuvi anayeombwa kukodisha mtumbwi wake bila yeye mwenyewe kuwamo: hao ndio wa kwanza kujua. Polisi wa nchi hizi mbili wana utaratibu wa kushirikiana kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika ulioanzishwa mwaka 1995, lakini ushirikiano wa ngazi hiyo hulishwa na taarifa ndogo za mtu mmoja wa kando ya mto. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo kwa ajili ya mtu kama huyo.

Ziwani kuna walinzi wengine. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, wavuvi wa fukwe huunda vikundi vya ulinzi wa rasilimali, maarufu kama BMU, vinavyoandikisha mitumbwi, kukataza makokoro na kujua nani ametoka na nani hajarudi. Hilo la mwisho ni usalama wa uhai. Upepo wa kusini unaovuma katikati ya mwaka huinua mawimbi makubwa katika ncha hii ya kaskazini, na mtumbwi wa kuvulia usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, ni mdogo mbele yake. Daftari la ufukweni lenye jina la mvuvi na saa aliyotoka huokoa muda wa kumtafuta. Pia humnyima mwizi wa nyavu na injini mahali pa kujificha, kwa kuwa kila chombo kinajulikana.

Chumba cha pembeni

Si hatari zote zinatoka ng'ambo. Nyingi ziko ndani ya nyumba. Tangu mwaka 2008 Jeshi la Polisi limekuwa likifungua Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vyake, na sasa yapo mamia nchini. Dawati ni chumba cha pembeni, mbali na kaunta ambako kila mtu anasikia kila kitu, chenye askari waliofunzwa kumsikiliza mama aliyepigwa au mtoto aliyebakwa bila kumhukumu.

Kwa anayekwenda kituoni kwa shida yoyote, mambo machache yanafaa kujulikana mapema. Ukishaeleza tukio, linaandikwa kwenye kitabu cha taarifa, nawe unapewa namba, ile watu wanayoiita RB. Iandike, maana ndiyo itakayokuwezesha kufuatilia. Ukiwa umejeruhiwa unapewa fomu namba tatu ya polisi, PF3, ambayo daktari hujaza na mahakama huitumia baadaye kama ushahidi. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa, na awahi hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Kwa dharura ya polisi namba ya bure ni 112. Kwa mtoto aliye hatarini ni 116. Kwa moto na uokoaji ni 114.

Tatizo la chumba hicho cha dawati ni kwamba watu wengi hawafiki. Kesi za ubakaji na mimba za wanafunzi mara nyingi humalizwa nyumbani, kwa ng'ombe au kwa fedha, wazee wakisema wanalinda heshima ya ukoo. Huko si kusuluhisha. Ubakaji ni jinai dhidi ya Jamhuri, na hakuna baba wala mjomba mwenye mamlaka ya kuusamehe kwa niaba ya binti.

Kinachokosekana

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kinachokosekana ni magari, nyumba za askari na mafuta, na ni kweli vitu hivyo ni haba katika wilaya nyingi. Vituo kadhaa vya kata nchini vimejengwa kwa nguvu za wananchi, matofali na michango yao, serikali ikimalizia bati. Hata hivyo kituo kipya kisichoaminika hubaki jengo tu.

Mwananchi anayempelekea mkaguzi habari za mlanguzi, kisha siku ya tatu mlanguzi akamjia akijua kila alichosema, hatarudi tena. Mama aliyeambiwa alete fedha ya kununulia karatasi ili aandikiwe maelezo atawaambia jirani zake wote. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake Julai 2023, iligusa jambo hili moja kwa moja na kupendekeza Jeshi la Polisi lifanyiwe mabadiliko makubwa. Mabadiliko hayo yatapimwa kwenye kaunta ya kituo cha kawaida, siku ya kawaida, mbele ya mtu asiye na jina kubwa.

Kwa upande wa raia, kuna kazi isiyosubiri ripoti yoyote. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kisheria kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, mwulize mwenyekiti mambo manne: mkaguzi wa kata yetu ni nani na namba yake ya simu ni ipi, kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji ina wajumbe gani, vijana wanaolinda usiku wameandikishwa wapi, na taarifa tulizotoa mara ya mwisho zimefikia wapi. Yakijibiwa, yaandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji ambako kila mpita njia atayasoma. Yasipojibiwa, yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na yapelekwe kwa mtendaji wa kata, na yakikwama hapo yafikishwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya.